Kabla Hujalipia MGB ya Wazi: Anza Kukagua Chini ya Milango

Kizuri chajiuza, wanasema. MGB, lile gari la zamani la michezo la Kiingereza, ikiwa mbovu nayo hujiuza, mradi ipakwe rangi. Kromu inang'aa, viti vinanukia ngozi, injini inashika mara moja, na muuzaji anakuapia kwamba gari limelala gereji maisha yake yote. Hayo yote yanaweza kuwa kweli huku chini ya milango bati likiwa limeoza, limejazwa puti, limefunikwa kwa bati jipya na kupigwa rangi.

Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu: bodi kwanza, mengine baadaye. Sababu ni pesa. Giaboksi, rejeta, breki, nyaya za umeme, turubai, viti na hata injini ya ovaholi bado vinauzwa Uingereza, na fundi wa kawaida mwenye spana za inchi anavifunga. Kazi ya bati ndiyo inayokausha mfuko, maana unalipia saa za mchomeleaji na saa za mpiga rangi, na hakuna ajuaye zitaishia wapi mpaka bati likatwe. Hata bodi nzima mpya ipo: kampuni ya British Motor Heritage huitengeneza tangu 1988 kwa mitambo ileile ya zamani ya kubonyezea bati. Uliza bei yake, hata kama huna nia ya kuinunua. Utaelewa kwa nini gari lenye bodi nzima na injini iliyochoka ni nafuu kuliko lenye injini mpya na bodi mbovu.

Ya mwaka gani?

MGB ilitengenezwa Abingdon, Oxfordshire, kuanzia 1962 hadi 1980. Ukijumlisha na ndugu yake GT mwenye paa la chuma, yalitoka zaidi ya magari laki tano, kwa hiyo usikubali kuharakishwa na mtu anayesema "hutapata nyingine". Utapata.

Injini ya MGB ya kawaida ni ya aina moja miaka yote: silinda nne, cc 1798. Hadi mwishoni mwa 1964 krankshafti ilikaa kwenye beringi kuu tatu, baada ya hapo tano. Ya beringi tano huvumilia zaidi safari ndefu za barabara kuu. Hadi 1967 gia ya kwanza haikuwa na sinkro (kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza), umeme ulitoka kwenye dainamo, na ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi ilikuwa chanya. Kuanzia toleo la pili, Mk II, mwishoni mwa 1967, gia zote nne zina sinkro, kuna alteneta, na ncha ya bodi ni hasi. Kumbuka hilo la ncha, maana anayefunga redio au chaja bila kuuliza huunguza kitu.

Mwishoni mwa 1974 bampa za kromu ziliondolewa, zikaja zile kubwa nyeusi za mpira, na gari likainuliwa ili lifuate kanuni za Marekani. Likawa linalala sana kwenye kona. Magari ya modeli ya 1977 na kuendelea yaliongezewa fito za kulizuia lisilale, mbele na nyuma, kwa hiyo la 1978 linashika barabara kuliko la 1975 ingawa kwa sura ni mapacha. Soko linalipa zaidi kwa kromu. Lakini ukitaka gari la kuendesha, si la kupigia picha, bampa ya mpira ya 1977 hadi 1980 hukupa bodi changa zaidi kwa pesa ileile.

Mengi yaliuzwa Marekani yakiwa mapya na baadaye yakarudi Uingereza. Bodi iliyokaa California huwa kavu kama biskuti, lakini mipira, dashibodi na turubai vimepigwa jua. Angalia usukani: kama ulihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia, kagua kazi ilivyofanywa kwenye ukuta wa injini. Ya kuanzia 1975 ya huko ilikuwa na kabureta moja ya Zenith-Stromberg na mabomba ya kupunguza moshi, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya kabureta mbili za SU.

Karatasi, kabla hujapoteza nauli

Omba namba ya usajili, kisha fungua tovuti ya serikali ya Uingereza inayoonyesha historia ya MOT, ukaguzi wa magari wa kila mwaka. Ni bure. Soma maneno ya mkaguzi, usiishie kwenye "amefaulu". Ukiona "kutu karibu na kizingiti" mwaka mmoja na mwaka unaofuata kimya, uliza nani alichomelea na risiti iko wapi. Soma maili pia. Mita ya MGB ina tarakimu tano tu za maili kamili. Ikipita 99,999 inarudi sifuri. Maili 43,000 za tangazo zinaweza kuwa 143,000.

Gari lililotimiza miaka 40 huko halilipiwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kufanyiwa MOT kama halijabadilishwa sana. Msamaha huo ni mzuri kwa mwenye gari na mbaya kwa mnunuzi: unaweza kuuziwa gari ambalo mkaguzi hajalitazama miaka mingi. Mwambie muuzaji alipeleke MOT ya hiari kwa gharama yako. Ada yake ni ndogo mno kulinganisha na kizingiti kimoja.

Namba ya chasisi kwenye V5C, hati ya usajili ya Uingereza, ilingane na ya kibati kilichopigiliwa kwenye chumba cha injini. GHN3 ni MGB ya wazi ya awali, GHN4 ni Mk II, GHN5 ni ya kuanzia 1969 hivi. Herufi N ni viti viwili vya wazi. D ni GT. Ukikuta GHD kwenye gari la turubai, hilo lilizaliwa na paa na mtu akalikata. Ondoka. Makumbusho ya British Motor Museum, Gaydon, hutoa cheti kinachotokana na daftari za kiwanda: tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza, namba ya injini. Gari lililotunzwa kweli mara nyingi hukiambatanisha, pamoja na faili la risiti na picha za kazi ya bati ilipokuwa ikifanyika. Picha hizo zina thamani kuliko kikombe cha maonyesho.

Vizingiti

MGB haina chasisi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na kwa kuwa haina paa la chuma, mzigo wote wa katikati unabebwa na handaki la propela shafti pamoja na vizingiti viwili, yale mabati marefu yanayopita chini ya milango.

Kizingiti si bati moja. Ni sanduku la tabaka tatu: la nje unaloliona, la katikati lililosimama wima, na la ndani linaloungana na sakafu. Chini yake kuna reli iliyokunjwa kunjwa kama ukingo wa juu wa ukuta wa ngome, na mikunjo hiyo huacha matundu ya kutoa maji. Matundu yakizibwa kwa tope, au kwa puti ya fundi mvivu, maji hubaki ndani na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Lengelenge la rangi unaloliona ni mwisho wa ugonjwa, si mwanzo.

Anza na macho. Funga mlango, chuchumaa, tazama uwazi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Uwe sawa kutoka juu hadi chini, milimita 4 au 5 hivi. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limekunjika katikati kama ndizi. Hakuna punguzo la bei linalotosha hapo.

Pili, tafuta mstari wa kiungo. Kizingiti cha kiwandani hakiishii pale mlango unapoishia. Mbele kinaingia nyuma ya madigadi, na nyuma kinaingia chini ya bati la ubavu. Madigadi inapokutana na kizingiti pana mstari ambao ukucha wako unaweza kuupitia. Pitisha ukucha. Ukikuta pamelainishwa kama yai, mtu amepaka puti au amebandika bati la kufunikia. Kubadilisha kizingiti kwa haki ni kufungua madigadi ya mbele, ambayo imefungwa kwa bolti, na kukata sehemu ya chini ya ubavu wa nyuma, ambao umechomelewa. Anayeruka hatua hizo huliacha bovu likiendelea kuoza gizani. Miaka miwili, mitatu, malengelenge yanarudi.

Tatu, sumaku. Ndogo ya kubandika kwenye friji inatosha. Ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ivute polepole kwenye kizingiti chote na kwenye kona ya chini ya ubavu, pale mbele ya tairi la nyuma. Inaposhika kwa nguvu pana chuma. Inapoteleza na kuanguka pana puti. Usishtuke ikikataa kushika boneti ya gari la miaka ya 1960: boneti zile zilikuwa za aluminiamu.

Nne, jeki. Omba ruhusa, weka jeki kwenye sehemu yake rasmi chini ya kizingiti, inua taratibu huku mwenzako akifungua na kufunga mlango. Kizingiti kizima kinapanda na gari lote, na mlango unafunga vilevile. Kibovu husikika kabla hakijaonekana: mkwaruzo wa kutu inayokatika, unga mwekundu unamwagika sakafuni, jeki inapanda lakini gari halipandi, mlango unagoma. Muuzaji akisema "hapo usiweke jeki, tumia kwingine", ameshakujibu. Na usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Ukimaliza nje, kunja zulia ndani. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi pale inapokutana na kizingiti. Bati zima hulia ting. Lililochoka hutoa sauti ya boksi la karatasi. Zulia lenye unyevu siku ya jua nalo linasema jambo.

Kutu nyingine

Ndani ya madigadi ya mbele, juu ya tairi, kuna rafu ambapo tope hukaa. Kutu yake hutokeza juu ya madigadi, nyuma ya taa, na chini karibu na mlango. Hii ni nafuu kwa sababu madigadi hufunguliwa. Kagua tu kwamba bati la ndani linaloibeba ni zima. Masanduku ya betri, nyuma ya viti chini ya sakafu, huoza kwa asidi na maji ya barabarani. Tangi la petroli huoza juu, si chini, kwa kuwa uchafu hulala kati yake na sakafu ya buti, nusa buti. Lala chini utazame mahali springi za nyuma zinaposhikilia bodi. Kama pameliwa, hiyo ni sehemu ya usalama na lazima ichomelewe kabla gari halijatembea.

Mlango wa MGB una ufa wake maarufu: hutokea juu ya mlango, kwenye kitako cha kile kioo kidogo cha pembetatu. Hauhatarishi kitu, lakini kuuziba vizuri ni kuchomelea na kupiga rangi mlango mzima. Tumia kushusha bei.

Injini: ikute baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya rejeta. Ikiwa na joto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Ngoja ipoe au urudi siku nyingine.

Kabla ya kuwasha, fungua swichi tu na usikilize nyuma. Pampu ya petroli ya SU ni ya umeme na imefungwa upande wa nyuma. Inapaswa kugonga tik-tik-tik haraka, ipunguze mwendo kadiri kabureta zinavyojaa, kisha inyamaze ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kugonga wakati injini haijawaka, petroli inavuja mahali, au inanyonya hewa, au valvu zake zina uchafu. Ikikaa kimya kabisa na kuzinduka baada ya kugongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi, platini zake zimeungua. Itakuacha njiani siku ya mvua.

Washa. Baridi, geji ya oili ipande haraka. Moto na gari likitembea, tarajia psi 50 hadi 80. Likiwa limesimama bila kukanyagwa, psi 10 hadi 25. Chini ya hapo andaa pesa za beringi, au kwanza funga geji nyingine kuhakikisha, maana geji za zamani nazo husema uongo. Moshi wa buluu unapokanyaga ni ringi za pistoni. Moshi wa buluu unapoachia baada ya mteremko ni miongozo ya valvu. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto, pamoja na povu la rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni gasketi ya hedi. Povu dogo peke yake kwenye gari la safari fupi linaweza kuwa mvuke tu. Kelele ya mnyororo mbele ya injini si hatari kubwa, na tone moja mbili za oili sakafuni ni desturi ya injini hii. Dimbwi si desturi.

Ukiweza kupima kompresheni, silinda zote nne zikaribie psi 140 hadi 170, na tofauti kati yao isizidi asilimia 10.

Swali moja usilisahau: silinda hedi imewekewa viti vigumu vya valvu? Petroli yenye risasi iliondolewa vituoni Uingereza mwishoni mwa 1999, na viti laini vya zamani huliwa taratibu bila risasi. Dalili ni nafasi za valvu zinazozidi kujibana kila ukipima. Risiti ya hedi iliyofanyiwa kazi hiyo ni pesa ulizookoa.

Gia, klachi, ovadraivu

Klachi hapa ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Giaboksi ya MGB haishuki peke yake. Kubadilisha klachi ni kung'oa injini. Na beringi ya kuachia klachi ni ya kaboni, huisha haraka kwa dereva anayepumzisha mguu kwenye pedeli. Kanyaga klachi injini ikiwaka: sauti ya kusaga inayokuja na kupotea na mguu wako ni beringi hiyo. Kisha ukiwa gia ya nne, mwendo wa kadiri, kanyaga mafuta ghafla; injini ikipanda kasi gari lisifuate, klachi imekwisha.

Gia ya pili ndiyo hutangulia kupoteza sinkro. Shusha kutoka ya tatu kwenda ya pili bila haraka, usikie kama inakwaruza.

Ovadraivu ya Laycock, kifaa kinachopunguza kasi ya injini bila kupunguza mwendo wa gari, ni ya kutafutwa hasa. Hufanya kazi gia ya tatu na ya nne, na kwenye magari ya kuanzia modeli ya 1977 gia ya nne tu. Swichi iko dashibodini, kwenye mkono wa usukani au juu ya kitufe cha gia, kutegemea mwaka. Ukiibonyeza, kasi ya injini ishuke kama sehemu moja ya tano ndani ya sekunde moja au mbili. Kwa maili 70 kwa saa, ni tofauti ya mizunguko 3,900 na 3,200, na masikio yako yatashukuru. Isiposhika, usikubali hukumu ya "imekufa" wala bei ya "ni waya tu". Mara nyingi kweli ni waya, swichi ya kwenye giaboksi, au oili iliyopungua, kwa kuwa inashirikiana oili na giaboksi. Lakini mpaka ishike, ihesabu kuwa mbovu.

Mlio wa "klonk" ukiachia na kukanyaga tena ni washa za ndani ya difu. Ni kazi ndogo. Mngurumo wa difu unaobadilika na mwendo ni kazi kubwa.

Rimu za spoki na miguu ya mbele

Rimu za spoki hupendeza na huficha. Ondoa rimu moja ya nyuma. Kwenye habu kuna meno. Yawe na kichwa bapa. Yaliyochongoka kama msumeno yamekwisha, na siku yakikatika hutakuwa na mwendo wala breki ya gurudumu hilo. Bila kufungua, unaweza kusikiliza: rudi nyuma polepole ukanyage breki, uende mbele ukanyage tena. "Klak" kila mara ni meno. Kisha gonga spoki moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea hailii kama wenzake.

Mbele, inua gari, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu. Ukibaki ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia. Kingipini huchakaa kwa kukosa grisi tu: zina chuchu tatu kila upande na zilitakiwa kupigwa grisi kila maili 3,000. Chuchu zenye kutu kavu zinakueleza habari za mwenye gari kuliko maneno yake. Shokabsoba za mbele ni za mkono, na ndizo pia mkono wa juu wa mguu. Zikitoa jasho la oili, zinaelekea mwisho.

Barabarani

Omba angalau dakika 30, ili joto lipande kweli. Sindano ya joto itulie karibu nyuzi 85, na isipande gari likisimama kwenye foleni. Achia usukani kidogo penye usalama. Gari likivuta upande mmoja unapokanyaga breki tu, fikiria kwanza mipira ya breki: huvimba kwa ndani na kuziba mafuta ingawa kwa nje ni mizima. Fungua na ufunge turubai mwenyewe, usionyeshwe. Kama ni baridi kali au imelowa, usiikunje. Dirisha la plastiki hupasuka.

Bei na malipo

Andika kasoro kwenye karatasi, weka bei ya kila kipuri na saa za fundi, mpe muuzaji asome. Ni heshima zaidi kuliko kutaja namba ya chini ghafla, na hufanya kazi zaidi. V5C huonyesha mtunzaji aliyesajiliwa. Si hati ya kuthibitisha mwenye mali. Kwa hiyo angalia kama gari lina deni la mkopo, na ulipie nyumbani kwenye anwani iliyoandikwa kwenye V5C. Kodi ya barabara haihamii kwa mnunuzi: hata kama ni sifuri, uisajili kabla ya kuondoka. Bima ichukue ya thamani iliyokubaliwa, si ya "bei ya soko".

Ukiwa na wazo la kulisafirisha Afrika Mashariki, anza na forodha, si meli. Kanuni ya kawaida ya Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka 8, na ya Uganda haipokei la zaidi ya 15.

Wikendi ya kwanza

Mwaga oili zote, hata kama muuzaji amesema ni mpya. Injini inataka 20W/50 ya madini yenye zinki ya kutosha, lita 4.3 hivi pamoja na filta. Penye kipozeo cha oili ongeza karibu nusu lita. Malizia kwa kijiti cha kupimia. Giaboksi na ovadraivu hutumia oili hiyohiyo ya injini. Kuweka EP90 humo ni kosa linalorudiwa sana. EP90 ni ya difu. Juu ya kila kabureta ya SU fungua kifuniko kidogo, jaza oili hadi milimita 13 juu ya bomba la pistoni. Ikikauka, gari linasitasita ukikanyaga.

Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.64, platini za distribyuta 0.38. Valvu ziwe inchi 0.015 injini ikiwa baridi, yaani milimita 0.38. Zihesabu kutoka mbele, 1 hadi 8, na utumie kanuni ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3. Jumla daima ni tisa. Ondoa plagi, weka gia ya nne, sukuma gari kidogo kidogo kuzungusha injini.

Kisha bomba za petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hiyo huila mipira ya zamani. Badilisha bomba zote za mpira kwa zilizochapwa R9, na ujaze petroli ya daraja la juu ambayo bado ni E5. Mafuta ya breki yawe DOT 4 mapya. Piga grisi chuchu za kingipini gari likiwa limeinuliwa, mpaka grisi safi itoke pembeni. Tairi soma tarakimu nne ubavuni: wiki na mwaka. Tairi la miaka 12 lenye mistari mizuri bado ni tairi la kutupa. Rimu za spoki zinahitaji tyubu ndani.

Mwisho, paka grisi meno ya habu kabla ya kurudisha rimu. Nati zake hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao gurudumu huzunguka gari likienda mbele, na hukazwa kinyume chake. Tumia nyundo ya shaba, si ya chuma. Endesha kilomita 80 hivi, simama mahali pa usalama, inua gurudumu moja baada ya jingine, uzigonge zote nne tena.